Jefferson Burdick: Mtu Aliyetunza Vilivyotupwa



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri tumezoea kusoma habari za viongozi, wavumbuzi na mashujaa wa vita. Safari hii Mhariri ameniachia nichague mwenyewe, nami nimemchagua mtu ambaye hakuongoza nchi, hakuvumbua mashine wala hakushika bunduki. Alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, mgonjwa, asiye na mke wala mali. Hata hivyo, popote pale duniani wanapokutana watu wanaokusanya kadi za zamani za wachezaji, jina lake linatajwa kwa heshima, na namba alizozibuni yeye ndizo wanazozitumia hadi leo. Mtu huyo ni marehemu Jefferson Burdick wa Marekani.

Nimemchagua kwa sababu maisha yake yanajibu swali ambalo wengi wetu hatujiulizi mpaka wakati umekwisha kupita. Swali lenyewe ni hili: kitu cha karatasi kina thamani gani, na ni nani anayekipa thamani hiyo?

UTOTO WAKE NA ZAMA ZA KADI ZA SIGARA

Burdick alizaliwa mwaka 1900 katika Central Square, mji mdogo wa jimbo la New York ulio kaskazini ya Syracuse. Ili msomaji aelewe mambo yaliyofuata, hapana budi kwanza nieleze hizo kadi ni kitu gani.

Zamani pakiti za sigara zilikuwa laini, na sigara zilivunjika mfukoni. Makampuni ya Marekani yakaanza kutia ndani ya pakiti kipande cha karatasi ngumu ili kuzilinda. Haukupita muda mrefu wenye makampuni wakaona kuwa kipande kile kitupu ni nafasi inayopotea bure. Katika miaka ya 1880 wakaanza kukichapa picha: waigizaji wa kike, wafalme, bendera za mataifa, ndege, na wachezaji wa besiboli. Besiboli ni mchezo wa rungu na mpira mdogo. Kwa mbali una udugu na kriketi, na Wamarekani waliupenda jinsi sisi tunavyoupenda mpira wa miguu. Picha zilipangwa kwa seti. Aliyepata mbili alitaka ya tatu, na ili apate ya tatu ilimlazimu anunue pakiti nyingine. Hiyo ndiyo ilikuwa hila yenyewe.

Mwaka 1890 makampuni makubwa matano ya sigara yaliungana yakawa kampuni moja, American Tobacco Company. Kwa kuwa mshindani mkubwa hakuwapo tena, kadi zikapungua kwa miaka mingi. Kisha, kuanzia mwaka 1909 hadi 1911, kampuni hiyo ilitoa seti moja kubwa ya wachezaji wa besiboli yenye kadi zaidi ya 500 zilizo tofauti. Zilikuwa ndogo sana, upana kama sentimita 3.7 na urefu kama sentimita 6.7, picha yenye rangi mbele, pambizo nyeupe pande zote nne, na tangazo la sigara nyuma. Matangazo hayo ya nyuma yalikuwa ya aina kumi na sita za tumbaku, miongoni mwao Piedmont, Sweet Caporal, Sovereign na Polar Bear. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru kampuni hiyo kubwa ivunjwe.

Hesabu miaka, msomaji. Kadi hizo zilipokuwa zikitolewa, Burdick alikuwa mtoto wa kati ya miaka tisa na kumi na mmoja. Wavulana wa Marekani walikuwa wakisimama nje ya maduka ya tumbaku wakiwaomba watu wazima kadi zilizotoka ndani ya pakiti. Walizichezea, walizibadilishana, walizitia mifukoni pamoja na kamba na mawe, na walipokua walizisahau. Mama zao walizitupa wakati wa kufagia. Burdick naye alizikusanya kama wenzake. Tofauti ni kwamba yeye hakuacha.

KAZI YAKE NA UGONJWA WAKE

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Syracuse, kisha akapata kazi katika kiwanda cha Crouse-Hinds mjini humo humo, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme. Kazi yake ilikuwa kuunganisha vipande vidogo vidogo kwa mikono, siku baada ya siku. Ilikuwa kazi ya mshahara wa kawaida. Hakuoa, na aliishi katika chumba cha kupanga.

Bado akiwa kijana alishikwa na baridi yabisi. Wanaoujua ugonjwa huo watakubaliana nami kwamba hauna haraka, lakini hauna huruma. Viungo vinavimba, vinakaza, kisha vinapinda. Kila mwaka unachukua kidogo. Kwa mtu ambaye riziki yake ilitegemea vidole, na starehe yake pia ilitegemea vidole, huo ulikuwa msiba wa pande mbili.

Bwana huyu hakulalamika, akaendelea. Kwa mshahara wake mdogo alinunua kadi kwa njia ya posta, aliandikiana barua na wakusanyaji wenzake, na wengi wao walimpa kadi bila malipo kwa sababu waliona zitakuwa mahali pema. Wala hakuwa shabiki wa besiboli. Alimkusanya mchezaji kama alivyomkusanya ndege, bendera, mfalme, kadi ya posta, kadi ya wapendanao na tangazo la duka la sabuni. Kwake yeye vyote hivyo vilikuwa kumbukumbu za watu wa kawaida: kile walichokiona, walichokinunua, na kilichowachekesha. Vitabu vya historia viliwaandika marais. Hivi vipande vya karatasi viliwaandika waliobaki.

KATALOGI

Katikati ya miaka ya 1930 Burdick alianza kuandika makala katika jarida la watu wenye kupenda kukusanya vitu. Mwaka 1937 alianzisha gazeti dogo la wakusanyaji wa kadi. Mwaka 1939 akatoa kazi iliyomfanya ajulikane, nayo ni katalogi ya kadi za Marekani. Aliitoa tena, kila mara ikiwa imepanuliwa, mwaka 1946, 1953 na 1960.

Pengine msomaji atauliza, katalogi ni kitu gani hata isifiwe hivyo? Nitaeleza. Kadi nyingi za sigara hazikuwa na mwaka, hazikuwa na namba, na seti zake hazikuwa na jina. Mtu wa Chicago akitaka kumwandikia mtu wa Boston kwamba anatafuta kadi fulani, ilimbidi aeleze kurasa mbili: ina pambizo nyeupe, nyuma ina tangazo la wino wa bluu, mchezaji ameshika rungu begani. Mwenzake akijibu, huenda alikuwa anazungumzia kadi nyingine kabisa. Ilikuwa kama maktaba ambayo vitabu vyake vimemwagwa sakafuni bila majalada.

Burdick alizigawa kadi zote kwa herufi na namba. Herufi N alizipa kadi za tumbaku za karne ya 19. Herufi T alizipa kadi za tumbaku za karne ya 20. Herufi E zikawa za peremende na pipi za zamani, D za wenye mikate, R za chingamu na pipi za miaka ya karibuni. Kisha kila seti ikapewa namba yake. Seti ile kubwa ya pambizo nyeupe ya 1909 hadi 1911 ikawa T206. Ile ya pambizo za rangi ya dhahabu ya 1911 ikawa T205. Ile yenye rangi ya kahawia nyuma ya wachezaji, ya 1912, ikawa T207. Picha za rangi ya udongo zilizotolewa na sigara za Old Judge tangu mwaka 1886 zikawa N172.

Hadi leo mkusanyaji akisema T206, hataji mwaka wala kampuni, na wenzake wote wanaelewa. Anasema kwa lugha ya mfanyakazi yule wa Syracuse, hata kama jina lake halijui.

Katalogi iliweka pia bei. Kadi za kawaida zilikuwa za senti chache. Kadi moja tu ya T206 ilijitenga na wenzake: ile ya Honus Wagner, mchezaji mkubwa wa timu ya Pittsburgh, ambayo Burdick aliiwekea dola 50. Wagner alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kijerumani, aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 12 akaingia machimbo ya makaa ya mawe kabla ya kuwa mchezaji. Kampuni ilipoomba ruhusa ya kuweka picha yake katika pakiti za sigara, alikataa. Wapo wanaosema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake, na wapo wanaosema hakuridhika na malipo. Yeye mwenyewe alikuwa akitafuna tumbaku, lakini kukataa alikataa. Uchapaji ulisimamishwa baada ya kadi chache tu kutoka, na kadi zinazojulikana kuwapo hazifiki mia moja. Burdick alikuwa nayo moja.

JINSI HALI YA KADI INAVYOPIMWA

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu najua miongoni mwa wasomaji wamo waliokuwa katika chama cha stempu pamoja nami pale shuleni, na kwa kuwa kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa kutunza nyaraka, jambo hili liko karibu na moyo wangu. Kadi mbili zinaweza kuwa za mchezaji mmoja, mwaka mmoja na tangazo moja, lakini moja ikawa na bei mara mia ya nyingine. Kinachozitofautisha ni hali.

Mpimaji huanza na pembe. Pembe nne za kadi mpya ni kali kama za noti iliyotoka benki. Kadi iliyokaa mfukoni mwa mtoto pembe zake zimekuwa duara. Kisha hutazama kingo, kama zimechanika au zimechubuka. T205 huumbuka upesi hapa, kwa sababu rangi ya dhahabu ya pambizo zake hubanduka kwa kuguswa tu. Halafu hutazama kama picha imekaa katikati, yaani pambizo za kulia na kushoto, za juu na chini, zinalingana. Kadi zilichapwa nyingi pamoja kwenye karatasi kubwa kisha zikakatwa, na mkataji aliyechoka hakujali milimita moja.

Baada ya hapo anauinamisha uso wa kadi mwangani ili mikunjo ionekane. Mkunjo unaoweza kujificha ukitazamwa kutoka mbele hujitokeza mwanga ukija kutoka upande. Mwisho anaigeuza. Nyuma ndiko yaliko matatizo mengi, maana watoto wa zamani walibandika kadi zao katika madaftari kwa gundi, na zilipobanduliwa zikaacha nyama ya karatasi. Kadi za Polar Bear mara nyingi zina madoa ya kahawia, kwa kuwa Polar Bear haikuwa sigara bali tumbaku ya kutafuna, na kadi ililala ndani ya majani yenyewe.

Yote hayo ni uzee wa haki. Mpimaji anaogopa zaidi uzee uliofichwa. Mtu mwenye tamaa huchukua wembe akapunguza kingo zilizochakaa ili pembe ziwe kali tena. Mwingine hupaka rangi palipobanduka. Mwingine huipiga pasi kadi yenye mkunjo. Kwa hiyo mpimaji ana rula, ana kioo cha kukuzia, na ana taa ya mwanga wa urujuanimno, kama ile ya kukagulia noti, kwa sababu karatasi nyingi za miaka ya baadaye zina dawa ya weupe inayong'aa chini ya mwanga huo, na karatasi ya mwaka 1909 haina. Ukingo wa zaidi ya miaka mia moja umelegea kidogo na umeshika vumbi. Ukingo uliokatwa juzi ni mweupe na mkali mno.

Lakini hata rula yaweza kudanganya. Kadi zilizotoka katika pakiti za American Beauty ni nyembamba kwa upana kuliko ndugu zake, maana ndivyo zilivyokatwa tangu kiwandani. Asiyejua atamtuhumu mtu asiye na hatia. Ndiyo maana kazi hii haifanywi kwa vyombo peke yake, bali kwa elimu, na elimu hiyo msingi wake ni katalogi ya Burdick. Huwezi kupima hali ya kitu usichokijua ni nini.

ZAWADI KWA UMMA

Ilipofika mwaka 1947 Burdick alikuwa na mamia ya maelfu ya kadi na mwili unaodhoofika. Alitambua kwamba akifa bila mpango, kadi zitauzwa kwa mafungu na kutawanyika. Angeweza kuziuza mwenyewe na kuishi vizuri kidogo. Badala yake alizitoa bure kwa Metropolitan Museum of Art, jumba kubwa la makumbusho la jiji la New York.

Fikiria, msomaji, fundi wa kiwanda anakwenda kwenye jumba lenye picha za mabwana wa Ulaya akiwa na masanduku ya vikaratasi vya sigara. Kwa bahati njema msimamizi wa idara ya picha za chapa, Bwana A. Hyatt Mayor, alikuwa mtu aliyeona mbali. Alikubali kwamba picha iliyochapwa kwa ajili ya watu wote ina haki ya kuhifadhiwa kama ile iliyochapwa kwa ajili ya tajiri. Ila lilikuwapo sharti: mwenye mali azipange na kuzibandika yeye mwenyewe katika albamu, kwani jumba halikuwa na mtu wa kuifanya kazi hiyo.

Burdick alikubali. Alianza kupeleka kadi kwa mafungu, akiendelea na kazi yake kiwandani. Mwaka 1959 aliacha kazi, akahamia New York, akapanga chumba karibu, akapewa meza ndogo katika chumba cha picha za chapa. Toka hapo alikuja mara kwa mara, mgongo umepinda, vidole vimekaza, akikaa mezani kubandika. Kadi moja, kisha nyingine. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chake kilikuwa na kadi zaidi ya 300,000, na zaidi ya 30,000 kati ya hizo zilikuwa za besiboli. Alijua, na waliomzunguka walijua, kwamba alikuwa akishindana na ugonjwa kuona nani atamaliza kwanza.

Tarehe 10 Januari 1963 alibandika kadi ya mwisho. Aliwaaga wenzake wa chumba kile, akatoka. Kesho yake aliingia hospitali. Hakutoka tena. Alifariki tarehe 13 Machi 1963.

YALIYOTOKEA BAADAYE

Baada ya kifo chake bei za kadi zilianza kupanda kwa namna ambayo yeye asingeiamini. Yalizuka makampuni ya kupima hali, ambayo huitazama kadi, huipa alama toka 1 hadi 10, kisha huifunga ndani ya plastiki ngumu isiguswe tena. Kadi moja ya Wagner ilipewa alama 8 mwaka 1991, alama isiyosikika kwa kadi hiyo, na mwaka huo huo iliuzwa kwa dola 451,000. Mwaka 2007 ikauzwa kwa dola milioni 2.8. Watu walistaajabia pembe zake. Mwaka 2013 mfanyabiashara aliyekuwa nayo zamani alikiri mahakamani kwamba kingo zake alizipunguza mwenyewe. Uzuri wake ulikuwa wa wembe.

Kwa upande mwingine, mwaka 2022 Wagner nyingine, yenye alama 2 tu, iliyochoka na isiyofichwa uchovu wake, iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Sitaki kusema kwamba soko limepata akili. Soko ni soko. Lakini ni jambo la kutafakari kwamba kadi iliyozeeka kwa haki ilipata fedha nyingi kuliko ile iliyofanywa ujana kwa hila.

Na kadi za Burdick je? Hapa pana jambo ambalo wakusanyaji hulizungumza kwa kunong'ona. Alizibandika kwa gundi. Kwa kanuni za leo, kadi iliyogundishwa nyuma imeharibiwa, na mpimaji angeipa alama ya chini kabisa. Wagner yake, ambayo imo katika mkusanyo ule wa New York, haikufungwa katika plastiki ya mtu binafsi wala haikusubiri mnada. Wapo wanaomlaumu kwa hilo.

Mimi simlaumu, na nitasema sababu. Kwanza, alifuata desturi ya wakati wake, kwani albamu na gundi ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida ya kuhifadhi vikaratasi. Pili, kadi iliyobandikwa katika albamu haichomolewi kwa urahisi na kidole kirefu. Tatu, na hili ndilo kubwa, yeye hakupima kadi kwa swali la itauzwa kiasi gani. Alipima kwa swali la nani ataiona. Kadi iliyo safi ndani ya sanduku la chuma la tajiri haionwi na mtu. Kadi yenye gundi mgongoni, iliyopangwa katika ukurasa wake na kupewa namba yake, inaweza kuonwa na mwanafunzi wa leo na wa miaka mia ijayo. Kama hali ya kitu ni uwezo wake wa kuendelea kutumika, basi kadi za Burdick ziko katika hali njema kuliko nyingi zenye alama 9.

Hata hivyo, sisemi kwamba pembe na kingo si kitu. Burdick mwenyewe asingeweza kuandika katalogi kama kadi zote zingekuwa zimechakaa hata zisisomeke. Anayetunza vizuri anamsaidia anayesoma. Ninachokataa ni kusahau kwamba utunzaji upo kwa ajili ya msomaji. Kadi ambayo hakuna ajuaye ni nini, hata ikiwa safi kiasi gani, ni kipande cha karatasi tu.

KWETU SISI

Nimeona shida kuandika maisha ya mtu huyu bila kuwaza kabati la shule yetu. Humo mna picha za timu zetu za mpira, ratiba za michezo ya kuigiza, orodha za viranja, kadi za mwaliko wa mahafali, na matoleo ya zamani ya jarida hili hili. Nyingi hazina tarehe nyuma. Katika picha moja ya timu nimewatambua watu wanne kati ya kumi na mmoja, na mmoja wa hao wanne ameshafariki. Mchwa hawangoji kamati ikutane.

Kwa hiyo nina ombi kwa wazee wenzangu mtakaohudhuria mkutano wetu. Njooni na picha mlizonazo nyumbani. Msizipige pasi, msizipunguze kingo, msizipake chochote. Andikeni majina na mwaka kwa penseli laini, nyuma, pembeni, kwa mkono mwepesi, au kwenye karatasi ya kando, maana wino hupenya. Msitumie gundi. Katika hilo tu tumepata maarifa ambayo Burdick hakuwa nayo: picha ikae ndani ya bahasha au ishikwe pembeni kwa vipande vya karatasi. Mahali pakavu, mbali na jua, mbali na sakafu.

Nanyi wanafunzi, kazi ya kupanga naiweka mikononi mwenu. Mna macho mazuri na vidole vizima. Mwanzo tunahitaji herufi na namba: picha za michezo herufi moja, za mahafali herufi nyingine, barua herufi ya tatu. Wawili au watatu kati yenu, saa moja kila Jumamosi, kabla mwaka haujaisha kabati lote litakuwa na orodha. Mzee mmoja mgonjwa aliweza kadi laki tatu. Kabati letu halina hata elfu tatu.

Jefferson Burdick hakuacha mtoto wala nyumba. Aliacha albamu, na kila ukurasa una kitu ambacho mtu fulani alikitupa.